Simu ipo, ya nini kuchora mkeka?

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni mwanafunzi wa uchoraji, na nimeanza kuchora kwa rangi ya maji mikeka na kofia za viua za wazee wetu. Jamaa zangu wananicheka na kusema kuwa picha ya simu inatosha. Nimesikia kuwa Wamarekani waliwahi kuwalipa wachoraji ili wachore mifarishi yao ya viraka. Je, ni kweli, na walikuwa na sababu gani?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Ni kweli. Mwaka 1935, ajira zilipokuwa zimeadimika Marekani, serikali ilianzisha mpango wa kuwapa wasanii kazi, na ndani yake ukawemo mradi wa Index of American Design, uliochora mifarishi, vitambaa, samani na vyombo vya mafundi wa zamani. Wazo lilitoka kwa Romana Javitz wa maktaba ya umma ya New York na Ruth Reeves, mbunifu wa vitambaa. Kazi ilikoma mwaka 1942, na michoro ipatayo 18,000 imehifadhiwa katika National Gallery of Art, Washington.

Picha za rangi zilikuwa ghali wakati huo, na za nyeusi na nyeupe hazikuonyesha rangi ya kitambaa. Wachoraji walipaka rangi ya maji tabaka jepesi juu ya jingine, wakafuata uzi hadi uzi, wakaonyesha kivuli kinachokaa kwenye bonde la mshono, na hata kiraka kilichochujuka hawakukirembesha. Kila mchoro uliambatana na karatasi ya maelezo ya kitu chenyewe.

Jamaa zako wana haki nusu: piga picha ya mkeka mzima, kwani kuuchora wote ni kujichosha bure. Lakini anayechora shubiri moja ya ukili, yaani ukanda uliosukwa wa kushonea mkeka, hulazimika kujua mwaa (jani la kusukia) upi unapita juu na upi chini, na mshono unaounganisha kili mbili umepita wapi, mambo ambayo mpiga picha anaweza kuyapita asiyaone. Nyuma ya mchoro andika vipimo, rangi iliyotumika, kijiji, na jina la msukaji akiridhia.

Mradi ule, kwa maoni yangu, ulikosea kuviacha nje vitu vya wenyeji wa asili wa Marekani. Kwa hiyo usichague mikeka ya rangi peke yake. Chora na jamvi la kuanikia karafuu, pamoja na madoa yake.