Usonji na OCD kazini: tabia ipi iachwe, ipi isiguswe

Dada, umesema mdogo wako ana vyote viwili, usonji (autism) na OCD, yaani ugonjwa wa hofu zinazojirudia na kumlazimisha mtu kurudia matendo; yuko stoo ya dagaa Kibirizi, Kigoma, anapanga magunia kwa mstari uleule kila siku, anarudi kwenye kufuli mara kumi, na bosi anataka aache yote. Asiache yote. Tenganisheni kwanza.

Kila tabia muulize: usipoifanya, unaogopa nini? Magunia akijibu "napenda yakae hivyo", na akimaliza anatulia, huo ni usonji. Mwacheni, tena stoo inapendeza. Kufuli akijibu "wezi wataingia na mimi ndiye nitakayelaumiwa", hiyo ni OCD. Akikagua, hofu inapoa dakika chache, kisha inarudi pale pale.

Dawa ya kufuli ni kuikabili hofu bila kufanya lile tendo. Afunge, avute mara moja, aondoke. Asipige picha kwa simu, picha nayo inageuka ukaguzi. Kumi ziwe sita wiki hii, akizizoea ziwe tatu, hadi ibaki ile moja. Mpange naye, muandike kwenye karatasi: "jitahidi kupunguza" halimsaidii mtu wa usonji, namba inamsaidia. Kipimo cha hofu cha 0 hadi 10 kikimchanganya, tumieni mwili: moyo unakwenda mbio? Viganja vimelowa? Siku za mwanzo hofu inaweza kukaa nusu saa na zaidi. Akae nayo.

Akikupigia "hivi nilifunga?", usimjibu "ulifunga". Mwambie, "Hilo ni swali la OCD, silijibu," kama mlivyokubaliana. Familia nyingi zinakwama hapa, kwa huruma tu.

Zoezi lisianze asubuhi boti zinaposhusha mzigo. Kelele zikimchosha, OCD inapanda. Vizibo vya masikio na dakika 10 za kukaa pembeni msimnyang'anye, wala msivihesabu kama tendo la OCD.

Kuhusu vidonge: fluoksetini hutolewa kwa OCD, haiondoi usonji. Matokeo huchukua wiki 8 hadi 12, kwa hiyo kuacha wiki ya tatu kwa sababu "haifanyi kazi" ni kujipunja. Akikosa usingizi au kuhangaika mwanzoni, mrudi kwa daktari, msijipunguzie dozi nyumbani. Anzieni Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Kigoma, muulizie huduma ya afya ya akili.

Bosi naye aombwe jambo moja: akipita akakuta kufuli limefungwa, asimpigie simu kumwambia.