Naona aibu kumuomba Mungu hela ya marejesho

SWALI: Shalom dada. Mi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Mzigo niliofata Ukerewe ulinyeshewa ukiwa bado umeanikwa mchangani, nikauza kwa bei ya kutupa, na sa hivi marejesho ya kikoba ni Jumamosi afu mtoto anaanza fomu wani anataka sare. Nikipiga magoti nashukuru, naombea wagonjwa wa Bugando, naombea taifa, nasema amina, ila kutaja shida yangu ya hela mdomo unakuwa mzito. Mama mmoja wa jumuiya kasema Mungu ana mambo makubwa ya kufanya, mwingine anasema niamuru tu nidai haki yangu. Na ibada zenyewe mi nakosakosa, soko ni soko. Nishike lipi?
Mama Dagaa, Kirumba

JIBU: Pole sana mama yangu. Dagaa wakishanyeshewa najua wanaishia kwenye chakula cha kuku, na hapo ni hasara tupu.

Tuanze na hao wagonjwa. Endelea kuwaombea, ila usidhani ukitaja marejesho yako kuna mgonjwa unamkatia foleni, kwani Mungu anapungukiwa? Yakobo 1:5 inasema anawapa wote kwa ukarimu wala hakemei. Pale alikuwa anaongelea hekima, sawa, lakini mtoaji ni yule yule hajabadilika tabia.

Sasa hilo la kukosa ibada nadhani ndo linalokufunga mdomo hasa. Zamani Patakatifu pa Patakatifu, kile chumba cha ndani kabisa cha hekalu nyuma ya pazia, aliingia kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka, tena na damu, wengine wote wanabaki nje, ndo maana Yesu alipokufa na pazia la hekalu likapasuka toka juu mpaka chini (Mathayo 27:51) halikuwa jambo dogo. Waebrania 4:16 ikaja kusema tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri tupate msaada "wakati wa mahitaji". Haijasema wakati tukishajirekebisha, wala wakati mahudhurio yetu yamekaa vizuri! Unaingia kwa sababu ya Yesu, siyo kwa rekodi yako mama. (Ila kanisani nenda, ibada ya kwanza huwa inaisha mapema tu.)

Na ukiomba taja kitu chenyewe. Yule jamaa wa Luka 11 aliyemgongea rafiki yake usiku wa manane, mlango umefungwa na watoto wamelala, hakusema naomba unibariki, alisema nikopeshe mikate mitatu. Mitatu! Afu hapo hapo Yesu anauliza, baba gani mtoto akimuomba samaki atampa nyoka, na sisi wa huku ziwani hiyo hatuhitaji kufafanuliwa. Kwa hiyo sema Baba, marejesho ya Jumamosi ni shilingi kadhaa, taja, sare za mtoto ni kadhaa, na mtaji wa kurudi Ukerewe ni huu. Ukitaka kulia lia.

Ila huyo wa kuamuru simuungi mkono kabisa, maana Yesu mwenyewe Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, akasema wazi anachotaka, akamalizia si kama nitakavyo mimi. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba umtoke na haukutoka, akaambiwa "Neema yangu yakutosha". Kwa hiyo we sema yote bila kuficha, jibu muachie mwenyewe, linaweza kuja kwa njia ambayo hukuipanga au likachelewa.

Halafu kabla ya Jumamosi kamuone mwenyekiti wa kikoba umwambie mzigo ulinyeshewa. Huyo anaweza kukemea kweli, ila ukimwambia mapema ni tofauti na kuzima simu.

SWALI: Dada eti maombi ya mkesha ya kupaza sauti ndo yanafika haraka?
Kijana, Igoma

JIBU: Hapana. Yule mama anayeitwa Hana kwenye 1 Samweli 1 alikuwa anaomba mtoto, alichezesha midomo tu sauti haikusikika, mpaka kuhani Eli akadhani amelewa, na akampata Samweli. Bartimayo yule kipofu naye alimpigia Yesu kelele Yeriko watu wakamkataza akazidisha, akaponywa. Ombeni mnavyoweza, ila hayo maspika yapunguzeni, majirani wana watoto wa shule.