Duara la lesi ya tatingi likigoma kufunga

Katika tatingi, yaani lesi ya mafundo inayotengenezwa kwa shato (kifaa kidogo cha mkononi kilichozungushiwa uzi), ukivuta uzi wa shato na duara halifungi, kuna fundo ambalo halikugeuka: uzi wa shato umezunguka uzi wa mkono (ule uliozungushwa kwenye vidole vya mkono wa kushoto), wakati inatakiwa kinyume chake. Ukishapitisha shato, legeza vidole vya mkono wa kushoto, kisha vuta uzi wa shato unyooke kabisa. Fundo litahamia lenyewe kwenye uzi wa mkono. Ndipo uinue kidole cha kati ulisogeze mahali pake.

Kila fundo lina nusu mbili; pima kila nusu. Isipoteleza juu ya uzi wa shato, ifumue hapo hapo kwa ncha ya sindano, maana nusu moja iliyokwama inatosha kuzuia duara zima. Kwa mazoezi, tumia pamba ya kroshia namba 10, rangi mbili zilizofungwa pamoja, moja kwenye shato na nyingine mkononi. Mafundo yaonyeshe rangi ya mkononi tu.