Madirisha ya sanamu yangu yanapasuka kwenye kona, nifanyeje?

SWALI: Habari fundi, mi nafinyanga kwa mkono tu, bila gurudumu, na napenda sanamu zenye maumbo ya majengo, minara, matao, ngazi zisizofika popote. Tatizo kila nikikata madirisha nyufa zinaanzia kwenye kona, na tao ndo kabisa, linakatika katikati kabla hata ya kuchomwa. Nibadilishe udongo?

JIBU: Nzuri ndugu, na hizo ngazi zisizofika popote usiziache, hapo ndo sanamu inapoachana na kanyumba ka maonyesho. Udongo unaweza kuwa sawa tu, ongeza chenga za vigae vilivyosagwa, zinapunguza kusinyaa na ukuta mrefu unasimama vizuri. Mi naona unakata mapema mno. Acha bamba la udongo lishike kwanza, yaani ukilibonyeza kwa kidole halibonyei ila ukucha bado unaacha alama, hapo sasa kata, na hapo hapo unganisha kuta kwa kuzikwaruza na kupaka uji wa udongo. Kona usiikate kali, udongo ukisinyaa mvutano wote unakimbilia kwenye ncha, we toboa kitundu cha duara kila kona halafu kata kutoka kitundu hadi kitundu, ukisogea nyuma kidogo dirisha bado ni la mraba.

Tao sasa. Wengi wanaliegemeza kwenye mbao au tofali, na mbao haisinyai wakati udongo unasinyaa, mpaka utoke tanurini umepungua asilimia 10 hivi na mwingine zaidi, kwa hiyo tao linaishia kubanwa na kile kile kinacholishikilia, litaachaje kukatika? Weka nguzo ya udongo ule ule, katikati pitisha gazeti visigandane, funika na nailoni vikauke polepole pamoja.

Mnara mrefu usiulazimishe kipande kimoja. Enzi ya Han huko China (206 KK hadi 220 BK) walikuwa wanaweka makaburini minara ya udongo ya ghorofa kadhaa, na mingine ilifinyangwa vipande vipande vya kupandanisha, inapendeza mpaka leo.

Kila chumba kilichozibwa kitoboe tundu la hewa, na moto upandishe taratibu mpaka maji yote yaishe, halafu usiwe na haraka tena ukikaribia nyuzi 573 za Selsiasi, chembe za kwatsi (madini yaliyomo ndani ya udongo) zinatanuka ghafla pale na kuta ndefu ndo zinazoumia zaidi, wakati wa kupoa pia.