Ontolojia haioni seva iliyozimika, na kila siku inazidi kuwa nzito

Umeuliza mambo mawili: kwa nini mfumo wako unaojirekebisha, unaotumia ontolojia (maelezo rasmi ya vitu na mahusiano yake), hauoni seva iliyozimika, na kwa nini injini ya mantiki, yaani programu inayotoa hitimisho kutoka kwenye maelezo hayo, inazidi kuwa nzito. Katika mzunguko wa MAPE-K (fuatilia, chambua, panga, tekeleza, juu ya maarifa ya pamoja), yote mawili yamo kwenye K, yaani hifadhi ya maarifa.

OWL, lugha ya kuandikia ontolojia, huichukulia dunia kuwa wazi: kisichoandikwa hakijulikani tu, hakihesabiwi kuwa uongo. Ukisema kila seva hai ina angalau kipimo kimoja, seva ikinyamaza OWL haitalalamika, itaona kipimo kipo ila hakijaandikwa. Kugundua ukimya ni kazi ya SPARQL, lugha ya kuuliza data, yenye FILTER NOT EXISTS (chuja kisichokuwepo), ikilinganisha sosa:resultTime, yaani wakati wa kipimo, na saa ya sasa. sh:minCount (idadi ya chini inayotakiwa) ya SHACL, lugha ya kukagua data, peke yake haitoshi, maana kipimo cha jana kitairidhisha. Sensa (kihisi kinachopima seva) ikituma kila sekunde 10, subiri vipindi vitatu. Ukitangaza kifo sekunde ya 11, mtandao ukikwama kidogo tu mfumo utawasha na kuzima seva kama mtoto aliyegundua swichi.

Uzito nao: seva 50 zenye sensa 4 kila moja, kila sekunde 10, ni vipimo 1,728,000 kwa siku. Hakuna injini itakayokushukuru kwa hilo. Weka kipimo cha mwisho tu kwenye grafu yake, yaani fungu la data lenye jina lake. Historia ipeleke kwenye hifadhidata ya kawaida.

Kubadilisha kipimo, weka DELETE (futa) na INSERT (ingiza) ndani ya ombi moja la SPARQL. Hapa ndipo wengi huumia. Tuseme kontena (kifurushi cha programu inayoendeshwa kwenye seva) imehama kutoka seva A kwenda B, uhusiano "inaendeshwaKwenye" umeutangaza owl:FunctionalProperty (kila kitu kina thamani moja tu), na sentensi ya zamani haijafutwa. Hutapata kosa lolote: OWL haichukulii kwamba majina mawili ni vitu viwili, kwa hiyo itahitimisha A na B ni seva moja, na mpangaji, yaani sehemu ya mfumo inayopanga hatua, atazima "ile iliyoelemewa" huku zote zikiguswa. Tangaza owl:AllDifferent (seva zote ni tofauti), angalau mgongano uonekane.

Na hitimisho likishaandikwa kwenye hifadhi, kufuta kipimo huenda kusilifute. Liwe na grafu yake, uifute na kuijenga upya kila mzunguko. Kwenye mzunguko tumia OWL 2 RL, toleo jepesi la OWL linaloendeshwa kwa kanuni. HermiT, injini ya mantiki ya OWL kamili, ibaki ya kukagua muundo kabla hujapandisha toleo jipya.