Kabla ya kununua tanga jipya, pitisha kiganja chini ya mashua

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mashua yenu ya mita saba yenye mkuku (uti wa chini ya mashua) wa chuma, mnayoiweka Msasani huku wenyewe mkiishi hapa Dodoma, inapitwa na mashua za aina ile ile, na kama inafaa mchangie tanga jipya. Mimi pia naishi Dodoma na mashua yangu iko Dar es Salaam, hivyo nakujibu kwa yaliyonipata.

Tanga jipya nililinunua kwanza, na nikaendelea kushika mkia. Jibu nililipata siku nilipovaa miwani ya kuzamia na kupitisha kiganja chini ya mashua: ubavuni kulikuwa na utelezi wa kijani, na kwenye ukingo wa mbele wa mkuku vijigamba vigumu vilivyonikwaruza vidole kama msasa. Katika bahari yenye joto kama yetu, majuma machache ya kutia nanga yanatosha kuotesha vitu hivyo, nasi tulio mbali ndio tunaoumia zaidi, kwa kuwa mashua zetu hukaa bila kuguswa hadi tushuke tena na treni. Upepo ukiwa mwepesi, sehemu kubwa ya kinachoizuia mashua ni msuguano wa maji kwenye ngozi yake. Sasa nikifika, kabla ya kugusa kamba yoyote, naingia majini na kusugua kwa sponji laini kuanzia omo, yaani mbele kabisa, hadi usukani, ambao wengi huusahau. Ninapoipandisha nchi kavu kupaka rangi, naisugua kwa msasa wa maji, namba 400 kisha 600.

Jambo la pili ni kulala kwa mashua upande mmoja. Inapolala zaidi ya nyuzi 20 hivi, huvuta kuelekea upepo, nahodha hukaza usukani kuirudisha, na usukani uliopindwa hugeuka breki. Mabaharia wote wakae joshini, yaani upande unakotoka upepo, na mkono wa usukani ukianza kuvutana nawe, legeza kidogo demani, kamba inayokaza na kulegeza tanga, ya tanga kubwa.

Kisha funga nyuzi za sufi pande zote mbili za tanga la mbele, kama sentimita 30 kutoka ukingo wake wa mbele. Mnapobisha, yaani mnapokwenda kuelekea upepo kwa mshazari, nyuzi zote zitiririke sawasawa: wa joshini ukirukaruka, mmeukabili upepo mno au tanga limelegea, wa upande wa pili ukizubaa na kuzunguka, tanga limekazwa kupita kiasi.

Msitarajie miujiza kwenye upepo mkali, kwa kuwa mashua nzito yenye mita 6 kwenye mstari wa maji hunaswa na wimbi lake yenyewe karibu na noti 6, yaani kilomita 11 kwa saa. Mtawapita wenzenu asubuhi za upepo hafifu.

Kuhusu tanga lenu la sasa, kazeni jarari, kamba ya kupandishia tanga, kisha mlitazame kutoka chini: kama tumbo lake, yaani sehemu iliyojaa zaidi, bado limerudi nyuma, hapo changeni.