Madogo wa fildi, ule unga si vumbi

Nimekaa kimya wiki nzima ila leo hapana. Dogo kaingiza kwenye kompyuta rekodi ya sampuli yetu kavu ya kutu, ule ugonjwa wa kuvu kwenye majani ya kahawa, lebo inasema Moshi, kwenye latitudo badala ya -3.2 kaweka 3.2, alama ya kutoa kala nayo, na mibuni ya Wachaga ikaota jangwa la Chalbi kule Kenya. Ngamia sasa wanywe arabika. Haya someni.

1. Kabla hujasevu, itazame nukta yako kwenye ramani. Basi.

2. Lebo ikisema Tanganyika Territory andika hivyo hivyo, Tanzania ina kolamu yake. Na tarehe ya aliyetambua sampuli siyo ya aliyechuma jani, nimechoka kusema.

3. Bahasha haifunguliwi feni ikizunguka. Na hapa nitubu, maana mnaniona mkali. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa bahasha za kutu nizipige picha, nikafungua moja, majani manne ya mbuni, nikayageuza chini nikakuta unga wa rangi ya chungwa umetapakaa, mwingine umemwagikia kwenye karatasi, na mimi nimelelewa na mama wa usafi jamani, nikachukua brashi laini nikafuta taratibu, jani la kwanza, la pili, yote manne, yakabaki madoa ya njano tu, nikapiga picha nzuriii nikampelekea bosi. Akaitazama weee. "Unga uko wapi?" Nimeshaufuta, mzee. Hakufoka, bora angefoka. Unga ndio sampuli yenyewe! Ni spora zile, mbegu za kuvu, za Hemileia, kuvu wa kutu ya kahawa, zimekaa kama pande la chungwa, mgongo una miiba, tumbo laini, ukiziona kwenye hadubini hubishani na mtu, mimi nimemwachia madoa ambayo hata ukame ungeweza kusingiziwa. Akaikunjua bahasha polepole, kwenye mikunjo kulikuwa na kamstari kembamba ka unga, akagonga kwa ncha ya kalamu ukadondokea kwenye kibahasha kidogo. Halafu akanipa slipu niandike mwenyewe: "Majani yamepigwa brashi kwa makosa." Jina, tarehe.

4. Sampuli ngeni inaanzia friza. Sindano safisha kila ukibadilisha bahasha.

5. Kutu bila jina la mmea uliotoka ni nusu rekodi. Nilitaka kuelezea hii vizuri ila jana binti wa fildi kafika kwenye bahasha ile ile, kasoma slipu, kaniangalia.

"Dada, hii ya brashi nayo naingiza?"

Ingiza kama ilivyoandikwa.

"Na jina?"

Na jina.